Ni tukio gani lililomgeuza kiumbe wa Frankenstein?

Swali: Ndugu wasomaji, katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein anaanza akiwa mpole na kuishia kuwa muuaji. Alibadilika wapi hasa?

Jibu la 1: Kwa maoni yangu, ni nyumbani kwa De Lacey, mzee aliyeishi na watoto wake kwenye kibanda cha mashambani. Kwa miezi mingi aliichungulia familia ile kupitia ufa wa ukuta, akijifunza lugha yao na kuwakatia kuni usiku bila wao kujua. Mzee, kwa kuwa alikuwa kipofu, alimsikiliza kwa upole, lakini Felix, mwanawe, aliporejea alimcharaza kwa fimbo.

Jibu la 2: Ndugu yangu, hata baada ya kipigo hicho alimwokoa msichana aliyekuwa akizama mtoni, akaambulia risasi. Mimi nauona mgeuko wenyewe katika visiwa vya Orkney huko Uskoti, Victor alipomrarua mwenzi wa kike aliyemwahidi kiumbe huyo kumuundia.

Muulizaji: Nashukuru, ila William, mdogo wake Victor, alikuwa ameshauawa na kiumbe huyo kabla ya Orkney. Tena, kiumbe anayelia kwa majuto juu ya maiti ya Victor melini mwa Walton, mvumbuzi aliyemwokoa Victor kwenye barafu ya kaskazini, naamini dhamiri yake haikufa kamwe.