Pemba kwa gari, watu sita, Alhamisi mpaka Jumapili: tulale wapi na tule wapi?

kwerekwe_kwetu

Assalam alaykum wana jamvi. Sie tupo sita, wanne wa hapa Unguja na wawili wanakuja kutoka Dar, mwezi wa nane inshallah tunataka kwenda Pemba Alhamisi turudi Jumapili, tuzunguke na gari taratibu, tusimame tunapotaka, tule vizuri, tucheke, basi. Hatutaki safari ya kukimbizana na kupiga picha kila kibao. Nina Noah yangu mwenyewe ishafanyiwa sevisi haina shida. Masuala yangu: gari niipandishe meli au nikodi kule kule? Tulale mji wa Chake Chake au Wete? Na kubwa kuliko yote ni chakula, maana kuna mmoja kwenye kundi letu akikaa na njaa anakuwa mtu mwengine kabisa, anagomba hadi na redio, na nshaambiwa Pemba mchana huwezi kukuta vyakula vimepangwa barabarani mtu ukachagua kama hapa Darajani. Ni kweli? Mie Pemba nimekwenda harusini tu, nikashushwa bandari ya Mkoani nikapakiwa nikapelekwa Kengeja nikala pilau nikarudishwa, kwa hiyo nihesabuni kama sijafika. Wenyewe wa huko nisaidieni.

limani_wete

Waalaykum salaam yakhe, karibuni sana. Nakujibu la chakula kwanza maana hilo ndilo litakalotengeneza safari au kuiharibu.

Aliekwambia hivo hakusema uongo ila kasema nusu. Pemba chakula kipo tele lakini kina saa zake. Asubuhi mapema unapata maandazi, vitumbua, chapati, supu, chai ya rangi ya tangawizi, ukichelewa ukaja saa nne vyungu vishaoshwa. Mchana watu wanakula majumbani kwao, kwa hiyo vile vihoteli vya mjini vinapika kiasi cha wateja wao wanaowajua, wali, mchuzi wa samaki, maharage ya nazi, na saa tisa sufuria ishainamishwa hata ukoko hupati. Halafu baada ya magharibi mji ndio unaamka tena, Chake na Wete majiko ya mkaa yanawashwa, pweza, mishkaki, muhogo wa kuchoma, chipsi, mkate wa kumimina, juisi ya miwa. Sasa wageni wengi wanafanya makosa, wanapanga vivutio kwanza halafu wanategemea kula njiani, saa nane wako Makangale wanatafuna biskuti. Nyie fanyeni kinyume, pangeni milo kwanza, hivo vivutio vitajipanga wenyewe katikati.

Mfano siku ya kwenda kaskazini. Lala Wete, amka alfajiri, kunyweni chai muishike njia ya Konde mpaka Tumbe. Pale pwani samaki wanauzwa kwa mnada asubuhi, wanamwagwa chini kwenye mchanga kwa mafungu na yule mnadi anapiga kelele kwa kasi mpaka usiezoea hujui kama bei inapanda au watu wanatukanana. Changu, tasi, kolekole, pweza, na siku ikikubali nguru. Msishindane wenyewe na wachuuzi, mpeni mwenyeji akununulieni. Samaki hao mnampelekea mtu mlieshaongea nae tangu jana yake, Konde wapo akina mama wanaopika kwa oda, mwenye nyumba mnayolala au dereva atakupigieni simu. Mnaacha samaki, nazi na hela ya mchele, mnaondoka zenu. Hapo ndo mnaingia msitu wa Ngezi, mnazunguka mpaka Ras Kigomasha, mnarudi saa nane njaa inauma na wali uko tayari. Huyo mgomvi wenu mumwekee maandazi kwenye mfuko akae nayo siti ya nyuma.

Kulala mie nasema usiku mmoja Chake na miwili Wete, lakini mie mtu wa Wete msinisikilize sana hapo 😀

makunduchi_halisi

Yote ya nini hayo, kuvuka bahari kufuata samaki? Nendeni Kizimkazi na Makunduchi, barabara lami tupu, jioni mko kwenu.

limani_wete

Na foleni ya Kwerekwe nayo mtaila na nini?

dreva_603

Mie naendesha huku Pemba kwa hiyo nasema la gari. Meli ile kubwa ya usiku inabeba gari kweli, unalala njiani unaamka Mkoani asubuhi, lakini kwa siku hizo chache ukipiga nauli ya gari kwenda na kurudi mie naona bora ukodi Noah huku na dereva wake, au bila dereva ukipatana na mwenyewe. Uzuri wa dereva wa huku sio njia, njia hazipotezi, kisiwa chenyewe urefu hakifiki kilomita 70. Uzuri wake ni kuwa anawajua watu, hayo mambo ya kupikiwa anayosema limani bila ya mwenyeji hayaendi. Mjue tu Pemba si Unguja, huku vilima na kona tangu ukitoka Mkoani mpaka Chake, kilomita 30 hivi lakini usihesabu kwa kilomita, ng'ombe kafungwa pembezoni na kamba inafika katikati ya njia, watoto wanatoka chuo cha Kurani, baskeli imepakia kuni. Usiku taa za barabarani ni za mjini tu, kwa hiyo magharibi muwe mshafika mnapolala.

Petroli jaza mkiwa Chake au Wete, msiseme tutajaza mbele. Na mkitoka Chake kwenda Wete piteni njia ya zamani ile ya daladala za 606, nendeni pole pole, kuna mikarafuu na miembe, fungueni vioo mzime AC.

kwerekwe_kwetu

Shukran sana nyote. Dreva_603 umenishawishi kidogo lakini gari yangu naijua na huyu mwenzangu wa Dar ana miguu mirefu kama korongo nshamtengenezea siti yake. Nitatizama nauli kwanza. Limani, Ngezi na Kigomasha kuna nini hasa, maana msitu wa Jozani tunao hapa.

limani_wete

Ngezi si Jozani. Pale mwanzo wa msitu ipo ofisi, mnalipia mnapewa mtu wa kukutembezeni. Mivule mikubwa mpaka shingo iume, na ukiingia tu baridi inakupiga kama umefungua friji. Kima wapo. Mkiwa na moyo mnaomba mtembee usiku kusikiliza bundi wa Pemba, bundi mdogo huyo hayupo pengine duniani ila kisiwa hichi. Mbele yake ndio Kigomasha, mnara wa taa wa chuma uliojengwa mwaka 1900, mlinzi akiwepo mnampa chochote mnapanda. Ukifika juu unaona bahari pande zote mbili, kushoto Verani, kulia Vumawimbi.

Sasa zingatia mwezi wa nane kusi linavuma. Vumawimbi inatizama mashariki, pwani nzuri ajabu, mchanga mweupe na hakuna mtu isipokuwa wavuvi, lakini maji yanakuwa na fujo. Mkitaka kukoga muende Verani upande wa magharibi kumetulia. Na hakuna maduka huko, maji ya kunywa mbebe.

bi_nyuki_chake

Wanangu mie nimefurahi kuona vijana wanataka kula Pemba. Hao wanaopika kwa oda na mie ni miongoni mwao, niko Chake, simu siweki hapa. Nataka nikuambieni jinsi ya kuagiza maana watu hawajui. Msiseme "tupikie chakula kizuri". Semeni idadi ya watu, semeni samaki au pweza au kuku wa kienyeji, semeni saa, na mtoe hela ya sokoni mapema, mie siwezi kukopa nazi kwa ajili ya mgeni nisiemjua. Pweza anataka apigwe vizuri asubuhi na achemke mpaka uma uingie wenyewe, ndo atiwe tui. Ukinipigia simu saa sita ukataka ule saa saba nitakupa pweza mgumu utasema Wapemba hawajui kupika. Samaki wa kupaka nachoma kwa makumbi ya nazi, namgeuza, nampaka tui lililokwisha kuiva na ndimu, bizari, kitunguu thomu na pilipili, nampaka tena, mara tatu nne mpaka tui ligande juu ya ngozi. Haliendi mbio hilo.

Na waulizeni pia mikate ya mofa. Watoto wa siku hizi hawaitaki wanataka chipsi mayai, lakini mofa ya moto ukaichovya kwenye mchuzi wa samaki, hutaki tena chapati. Muhogo wa nazi na ng'onda (samaki mkavu) pia mwambieni mtu akupikieni asubuhi moja, ndicho chakula chetu cha kweli, hicho hamkioni kwenye meza ya hoteli.

Ijumaa mjue kuanzia saa sita maduka yanafungwa watu wako msikitini. Siku hiyo kaeni Chake, salini, kuleni, mlale mchana.

mtu_wa_mtambile

Bi mkubwa umenipa njaa saa tano ya usiku 😭

Mie naongeza Pujini, mbona hamna aliyeitaja? Ni karibu tu na Chake, magofu ya mtawala wa zamani Mkama Ndume, ngome ya karne ya 15. Kuta zenyewe zimeanguka nyingi usitegemee kuona kasri, lakini mtafuteni mzee wa pale akuhadithieni jinsi alivokuwa mkali, na kile kisima chenye ukuta katikati kwa sababu wake zake wawili hawapikiki chungu kimoja, kila mmoja na upande wake wa kuteka maji. Na jengine, wekeni mfuko mmoja wa hela ya chakula kabla hamjaondoka Unguja, kila mtu achange sawa, mmoja ashike. Nshaona marafiki wakubwa wananuniana Wete kwa bei ya mishkaki, huyu kala mitano yule miwili.

Kwenye njia ya Wete mkatie Kidike mkaone popo wa Pemba, wale wakubwa wenye uso kama mbwa. Zamani watu walikuwa wanawala, miaka ya 1980 walikaribia kwisha kabisa, wanakijiji wenyewe ndio wakaamua kuwalinda. Nendeni jioni wanapoanza kuruka. Na mkiwahi kuna mchezo wa ng'ombe.

dreva_603

Mwezi wa nane mchezo wa ng'ombe hakuna yakhe, huo ni wa kiangazi, Disemba mpaka Februari huko. Mwezi wa nane watakuta karafuu. Kama msimu umeanza kila uwanja majamvi na harufu mpaka ndani ya gari. Lakini nawatahadharisha hasa hao wa Dar, mtu asije akanunua karafuu kwa mtu akatia kwenye buti akasema zawadi. Karafuu zinauzwa ZSTC tu, shirika la biashara la serikali, ukikamatwa nazo bandarini ni magendo, na gari inaweza kukamatwa vile vile. Mkitaka harufu ya karafuu nendeni kiwanda cha makonyo (vikonyo vya karafuu) pale Wawi muone yanavokamuliwa mafuta, wana na ya mchaichai na mkaratusi, nunueni kichupa na risiti yake.

kwerekwe_kwetu

Hilo la karafuu sikulijua kabisa, hapo umetuokoa. Na Misali? Wenzangu wa Dar wanataka kisiwa.

limani_wete

Misali boti mnapanda Wesha, hapo karibu na Chake. Iko magharibi kwa hiyo kusi haliisumbui sana kama upande wa pili. Ni hifadhi, mnalipia, na hakuna pa kununua hata soda, chakula mnatoka nacho. Patana na nahodha bei ya kwenda na kurudi na muda wa kukaa kabla hamjapanda, msipatane mkiwa katikati ya maji. Angalieni na maji ya mwezi, bamvua (maji makubwa) na maji mafu (maji madogo) si kitu kimoja, yeye nahodha atakwambia saa ngapi. Mie ningeiweka Jumamosi na kaskazini Ijumaa ila Bi Nyuki keshasema Ijumaa mlale, na mie kumbishia siwezi.

bi_nyuki_chake

Ijumaa Chake na Pujini asubuhi. Jumamosi Tumbe na Ngezi. Misali muache mpaka mje tena, nyie mmesema hamtaki kukimbizana.

kwerekwe_kwetu

Imepita hiyo bi mkubwa, hao wa Dar nitawaambia mimi. Kulala Alhamisi na Ijumaa Chake, Jumamosi Wete. Halua tununue wapi?

limani_wete

Wete, Jumamosi jioni, ukiuliza unapolala watakuonesha inapopikwa. Kama ndo inakorogwa ngojeni, chukueni ya moto. Na Jumapili muwahi Mkoani, kutoka Wete ni kisiwa chote hicho mnakipita, na vitambulisho mkononi, wa Dar nao.