Mjomba amenitenga kwa kubatizwa, mchungaji anataka niwakate ndugu wote. Naombeni ushauri

Binti_Newala: Shikamooni wakubwa. Nimekulia kwenye Uislamu, Pasaka hii nimebatizwa. Mjomba kaita ukoo, akatamka kuwa mikorosho aliyoniachia marehemu mama si yangu tena, na kwenye misiba nisikanyage. Huku kwetu mjomba akisema, amesema. Hilo nililitegemea. Kinachonivuruga ni mchungaji: anafundisha kwamba ndugu zangu ni mawakala wa shetani, nisiwasalimie wala nisile kwao. Hata bibi aliyenilea, ambaye hajanitamkia neno baya. Nifanyeje?

Mwalimu_Masasi: Pole sana mwanangu. Mimi Mwanglikana, nafundisha katekisimu. Yohana 16, Bwana anasema atakayewaua wanafunzi atadhani anamtolea Mungu ibada, na sababu anaitaja: hawakumjua Baba. Paulo aliwaburuta waumini gerezani, baadaye akamwandikia Timotheo kwamba alitenda kwa ujinga, akarehemiwa. Na Anania, mwanafunzi wa Dameski, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alimwendea Paulo huyo, wakati huo akiitwa Sauli, akamwita "ndugu Sauli". Ndugu! Sasa mchungaji anayekufundisha kumnyima bibi salamu, huo nao ni ujinga, tena wa mtu mwenye Biblia mkononi. Hapa Masasi Askofu Vincent Lucas alikuta jando, hakulilaani, aliliingiza kanisani. Nenda kale kwa bibi.

Mzee_Mikindani: Mimi Muislamu, binti yangu. Kuondoka kwako kunaniuma, sikufichi. Lakini Baqara aya ya 256 inasema hakuna kulazimishana katika dini. Mjomba wako aambiwe hivyo na shehe, wewe hatakusikia.

Kijana_Lindi: Mnahubiri msamaha huku shamba linaondoka? Oktoba korosho zinaanza kuokotwa! Katiba ibara ya 19 inampa mtu uhuru wa kubadilisha dini. Dada, anzia serikali ya kijiji, kisha baraza la kata liwasuluhishe. Ikishindikana, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tafuta mashahidi wa mipaka mapema.

Mwalimu_Masasi: Sikupingi mwanangu. Amsamehe mjomba, na shamba alidai.

Binti_Newala: Asanteni sana, nimelia. Mipaka bibi anaijua yote, mikorosho ile walipanda yeye na mama. Kesho naenda kwake. Mchungaji nitamfuata Jumapili na Yohana 16. Mzee wa Mikindani, una shehe unayemfahamu huku Newala anayeweza kukaa na mjomba? Nakuja inbox.