Tupeane uzoefu: mmea gani wa kwenye katuni za zamani ulikunyima usingizi?

Mwana wa Baharia
Wakuu, salaam. Juzi nimemnunulia kijana wangu fulana yenye picha ya Groot, ule mti wa kwenye sinema, mpole, macho ya huruma. Nikamwambia huyu mimi namjua tangu hajawa mtu mwema. Akacheka mpaka uji ukamtokea puani.

Mjomba wangu alikuwa baharia. Kila akishuka Tanga anakuja na furushi la katuni za Marekani, limefungwa kamba ya katani, nyingi hazina majalada. Humo ndimo nilimokutana na Groot wa kwanza kabisa, yule wa 1960. Yule hakuwa wa kurudia jina lake tu. Alikuwa anahutubia! Anajiita mfalme wa Sayari X, anafyonza mbao na magogo anazidi kurefuka, anaiamrisha miti ya msituni imtii, na shida yake ni moja: aung'oe mji mzima na watu wake aende akauchunguze kwao. Risasi hazimwingii.

Kitabu changu hakikuwa na kurasa za mwisho, mke wa mjomba alishazifungia kashata. Kwa hiyo mpaka leo sijui alikufaje, au kama alikufa. Na dirishani kwetu kulikuwa na mwembe. Nililala kichwa upande wa mlango miaka miwili.

Haya, tupeane uzoefu. Mimea yenye akili tu, tafadhali.

Kidawa
Umenikumbusha mbali. Huyohuyo alinifanya niwe naomba radhi kabla ya kukata kuni. Bibi akajua nimeanza kusali.

PCB Mstaafu
Kaeni mkao wa kula. Kidato cha tano, shule ya bweni, jina nalihifadhi. Mwenzetu mmoja baba yake alirudi kutoka masomoni Marekani na Swamp Thing namba 21, ya Februari 1984, iliyoandikwa na Alan Moore. Kilikuwa kinakodishwa: usiku mmoja, maandazi mawili.

Kwa ambao hamkukisoma. Alec Holland ni mwanasayansi, maabara yake imelipuliwa, kakimbilia kinamasini huku anaungua. Tangu mwaka 1972 msomaji alikuwa anajua kwamba lile dubwana la majani na mizizi ndiye yeye, amegeuka, anahangaika arudie utu wake. Sasa kwenye namba 21 dubwana limepigwa risasi, limegandishwa, na bwana mmoja anaitwa Woodrue, ambaye naye ni nusu mmea, amepewa kazi ya kulipasua. Anakuta kitu mfano wa mapafu, ila hakiwezi kuvuta hewa. Anakuta mfano wa ubongo, ila hauwezi kufikiri. Anasumbuka nao mpaka inamjia: Alec alikufa usiku uleule. Mimea ya kinamasi ilikula mwili wake, ikala na kumbukumbu zake, ikaamini yenyewe ni mtu. Yale mapafu iliyaotesha kwa sababu ilikumbuka tu kwamba watu huwa nayo.

Nimemaliza saa nane usiku, tochi imeshakuwa ya njano. Asubuhi tuna maabara, kupasua panya. Sinia la nta, pini nne, harufu ya klorofomu. Nikafungua kifua, nikayaona yale mapafu, madogo, ya waridi. Nikajiuliza, haya nani amehakikisha ni mapafu kweli? Halafu nikajishika mbavu mwenyewe nisikilize kama na mimi navuta.

Kinachofuata nakumbuka sakafu. Mwalimu akasema ni klorofomu, nikaitikia ndiyo mwalimu. Mpaka leo ninapopimwa kifua nikiambiwa "vuta pumzi", kuna ka-sekunde nasubiri.

Kidawa
Pole sana kaka. Hiyo ya ka-sekunde imenipata hata mimi sasa hivi.

Mtaa wa Saba
Hadithi nzuri ila 1984 si zamani. Mada inasema katuni za zamani.

PCB Mstaafu
Ndugu yangu, waliozaliwa mwaka huo wana watoto kidato cha nne. Unataka za enzi za Mkoloni?

Mtaa wa Saba
Ndiyo. The Heap, Desemba 1942, Air Fighters Comics namba 3. Rubani wa Kijerumani ameangushwa vita ya kwanza ya dunia kwenye kinamasi cha Poland, akagoma kufa, mwili wake ukachanganyika na majani mpaka akainuka kichaka kinachotembea. Hawa wenu wote ni wajukuu zake.

Komredi Majani
Nyie mnazunguka. Mfalme ni Man-Thing, dubwana la kinamasi la Marvel. Alitoka Mei 1971, Swamp Thing akafuata Julai, House of Secrets namba 92. DC, wenye Swamp Thing, waliiga, kwisha habari.

Mtaa wa Saba
Miezi miwili ndiyo kuiga? Kitabu kinachorwa, kinapelekwa mtamboni, kinasafirishwa. Julai kikiwa dukani ujue kilishaandikwa zamani. Na Gerry Conway aliyemwandika Man-Thing alikuwa anaishi chumba kimoja na Len Wein aliyemwandika Swamp Thing. Hapo sema sufuria lilikuwa moja.

Komredi Majani
Sasa watu wa chumba kimoja ndiyo hawaigani? Hujakaa geto wewe.

Kidawa
Na Man-Thing hana akili jamani. Haongei, hafikiri, anahisi tu hofu ya mtu, na mwenye hofu akiguswa naye anaungua. Mwenye uzi amesema wenye akili.

Komredi Majani
Mtu anayejua unaogopa kabla hujasema, huyo ndiye mwenye akili kuliko wote. Mama mkwe wangu yuko hivyohivyo.

Fundi Randa
Wakuu mimi ni seremala na nimekuwa nasoma kimyakimya, ila huu uzi umenigusa kidonda. Nilikuwa na sanduku la mninga, nimelitengeneza mwenyewe, limejaa katuni. Zaidi ya mia. Nikasafiri kikazi miezi mitano. Narudi, sanduku linang'aa vilevile. Nikainua kifuniko, zile karatasi zimepangika vizuri, nikachukua cha juu, kikabaki vumbi mkononi. Cha pili vumbi. Chini ya sanduku kuna njia ya udongo, nene kama kidole, imetoka sakafuni moja kwa moja. Mchwa. Mninga hawakuugusa, wamepita kwenye upenyo niliouacha mimi mwenyewe kwenye kiungo cha kitako.

Kilichonitoa machozi, kilichosalia ni vipande vya jalada, na kimojawapo kina mkono wa Groot. Mliosoma mpaka mwisho mnajua alivyokufa. Nilikaa pale sakafuni nacheka na kulia.

Jirani wa Ruvu
Chai hii. Mchwa wachague Groot?

Fundi Randa
Sikusema wamechagua. Njoo nikuonyeshe sanduku, bado ninalo, naweka misumari.

Mwana wa Baharia
Subirini kwanza. Fundi, unasema ALIVYOKUFA?

Fundi Randa
Samahani mkuu, nilidhani unatania. Aliliwa na mchwa. Kuna mwanasayansi, mkewe alikuwa anamsimanga kila siku kwamba si mwanamume wa shoka, akajifungia maabara wenzake wakidhani mwoga. Kumbe anafuga mchwa. Akawaachia, mfalme wa Sayari X akaanguka. Mke akaahidi hatalalamika tena.

Kidawa
Hiyo ya mke ndiyo chai yenyewe.

Daktari wa Vitabu
Mliobaki na katuni: majani ya mwarobaini makavu, weka kila baada ya vitabu vitano.

Komredi Majani
Mwarobaini ni mbu. Mchwa ni oili chafu chini ya sanduku.

Daktari wa Vitabu
Oili chafu kwenye karatasi? Basi upike chapati kabisa.

Mswahili wa Muscat
Kila kitabu mfuko wake wa nailoni, na sanduku likae juu ya matofali, lisiguse ukuta wala sakafu. Mwarobaini na oili mpeane baadaye.

Mtaa wa Saba
Fundi, pole. Nikuulize, kile kipande cha jalada kina bei? Toleo la Novemba 1960 liliuzwa senti 10. Leo zikiwa nzima hizo ni fedha za kiwanja.

Jirani wa Ruvu
Usimuue mzee wa watu kwa presha.

Fundi Randa
Ngoja nikalitoe.

Fundi Randa
Kinasoma senti 15.

Mtaa wa Saba
Basi pumua. Ni hadithi ileile iliyochapwa upya miaka ya 1970. Umepoteza katuni, hujapoteza kiwanja.

Fundi Randa
Mke wangu nimemwita aje asome mwenyewe. Muda wote huu ananiambia kiungo cha kitako kilitugharimu nyumba.

Mwana wa Baharia
Nimemsimulia dogo mwisho wake. Ameivua fulana, ameikunja, ameiweka juu ya kabati. Nikamuuliza kulikoni, akasema chini kuna wadudu.