Sato wa Kirumba na wa Igombe, nalinganishaje wastani?

mdau_ziwa: Wakuu naombeni msaada, nimepima sato 12 mwalo wa Kirumba hapa Mwanza wastani gramu 412 mkengeuko sanifu (yaani uzito unavyotawanyika kuzunguka wastani) 38, na 10 wa Igombe wastani 375 mkengeuko 42, wengine bado wanarukaruka kwenye beseni mizani inacheza tu. Mtawanyiko nauchukulia uko sawa, sasa mikengeuko hiyo miwili naiunganishaje nijue kama wastani zinatofautiana kweli?

binti_ilemela: Mdogo wangu usijumlishe 38 na 42 ukagawa kwa 2, hapo ndo wengi wanakosea. Zipeleke kwenye kipeo cha pili kwanza, 1444 zidisha 11, 1764 zidisha 9 (idadi ya samaki toa moja kila mwalo), jumlisha, gawa kwa 20 (yaani 11 + 9), unapata varianzi ya pamoja, yaani mkengeuko katika kipeo cha pili, 1588. Kipeuo chake 39.85 zidisha na kipeuo cha (1/12 + 1/10), inakuja 17.06. Tofauti yako 37 gawa 17.06 ni 2.17, hiyo ndo t yako; jedwali la t digrii huru 20 (ile 11 + 9) kwa asilimia 5 linataka 2.086, umevuka, yaani tofauti haionekani kuwa ya bahati tu.

mzee_wa_dagaa: Dada kaeleza vizuri sana. Ila dogo, uliza nyavu kwanza, matundu yakitofautiana hata mtawanyiko unaweza kutofautiana. Ukiwa na shaka tumia njia ya Welch, ni aina nyingine ya jaribio la t, haidai mtawanyiko uwe sawa.

mdau_ziwa: Asanteni sana, kesho alfajiri narudi mwaloni kuangalia nyavu.