Baba amekataa tumtembelee gerezani. Niendelee kwenda?

BintiMnyalu:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.

Mzee wangu ana miaka 72, kafungwa miaka mitano. Ugomvi wa mpaka wa shamba, akamkata jirani mkono kwa mundu. Sijaja kumtetea. Akiwa mahabusu karibu na nyumbani, dada alikuwa anampelekea chakula. Alipohukumiwa akahamishiwa mkoa mwingine, sasa mimi ndiye angalau niko jirani: basi la saa kumi na moja alfajiri, nafika saa saba mchana. Nauli, sabuni, dawa ya meno na kandambili, elfu sabini imekwenda. Simu naiacha getini, tunaongea dakika chache askari akiwa pembeni.

Safari iliyopita nilimkuta amekonda. Sikio moja limekufa, ikabidi nipaze sauti, ya nyumbani kwetu yakasikiwa na kila mtu. Wakati wa kuagana akaniambia, "Usije tena, mama. Kawanunulie watoto madaftari."

Kaka zangu wamelidaka hilo neno: mzee kakataa mwenyewe, yameisha. Mliopitia haya, nimsikilize?

Mtoka_Mbali:
Pole dada. Mimi nimekaa ndani miaka mitatu, nimetoka 2019. Tulikuwa na mzee mmoja, wote tukimwita Babu. Naye aliwakataza wanawe wasije. Lakini siku ya wageni anaamka kabla yetu, anaomba wembe, ananyoa ndevu, anakaa karibu na mlango. Majina yanasomwa hadi yanakwisha, lake halimo. Anasema, "Basi limewaharibikia njiani." Mwishowe akawa hamalizi ugali.

Baba yako anaona haya kuonwa na binti yake ndani ya zile nguo. Halafu mtu wa nje hawezi kujua thamani ya ile sabuni. Kipande kimoja anampa kijana, anafuliwa nguo. Asiye nacho anainama mwenyewe na mgongo wake wa miaka 70.

Kichwa_Ngumu:
Hao kaka zako wachange nauli basi, kama miguu inawauma.

AfandeMstaafu:
Marahaba binti yangu. Nimevaa sare ya magereza miaka 28. Nenda, ila ukifika mwambie askari wa zamu mapema kwamba mzee hasikii, uelekezwe upande wa sikio zima. Omba pia apelekwe zahanati. Wazee hawasemi wanapoumwa, mara nyingi ndugu ndiye anayegundua.

Muandikieni mkuu wa gereza barua ya kuomba asogezwe karibu na nyumbani. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa, za 2015, zinataka hivyo kila inapowezekana. Si lazima mkubaliwe, lakini barua ikae kwenye jalada.

Na hili msilipuuze: ameandikishwa umri gani? Wazee wengi umri wao hukadiriwa tu siku ya kukamatwa. Misamaha ya Rais, ya 26 Aprili au 9 Desemba, imewahi kuwagusa wenye miaka 70 na kuendelea, ingawa kuna makosa yanayotengwa. Kama karatasi inasema kijana, nani atamhesabu na wazee?

BintiMnyalu:
Afande, nimempigia dada akafungua nakala ya hukumu. Wameandika miaka 64! Kadi yake ya ubatizo imo kwenye sanduku la marehemu mama, dada anaituma kesho kwa basi. Naondoka Ijumaa. Kaka mkubwa ametuma elfu ishirini bila kusema neno.