Mrejesho: Hofu ya ndege, Entebbe hadi Nairobi

Ndugu zangu, niliuliza nifanyeje ili nipande ndege nikamwone mwanamuziki Samba Mapangala Nairobi, maana naogopa ndege kupita kiasi, na basi lingenifikisha onyesho limekwisha. Nilifika, nikacheza hadi viatu vikalia. Asanteni sana.

Kilichonifaa zaidi ni ushauri wa dada aliyesema nichukue kiti cha usawa wa mabawa. Kweli, mtikisiko pale hausikiki sana kama kule nyuma. Pia nilimwambia mhudumu mapema kwamba mimi ni mwoga. Akawa ananieleza kila mlio, hata ule wa magurudumu yakiingia tumboni mwa ndege. Bila yeye ningepiga yowe.

Kupumua kwa kuhesabu kulinishinda. Tuliporuka, chini nikaona Ziwa Victoria tupu, hesabu zikapotea, nikamshika mkono mama wa watu kiti cha pili. Alicheka tu, Mungu ambariki.

Kurudi? Nilipanda basi, nikapitia Busia. Hofu imepungua, haijaisha. Lakini mzee Mapangala, aliyewahi kupiga muziki hapa Uganda na bendi ya Les Kinois, akitumbuiza Dar es Salaam nakata tiketi ya ndege tena. Ya kwenda tu.