Je, DVD inaweza kuwa kalibu ya utando wa polaraiza?

Mwalimu wa Fizikia, Mbarara
Ndugu zangu, naomba mwongozo. Hadubini ya shule yetu inaangazwa na balbu ya halojeni, nami niliweka karibu na balbu hiyo kipande cha utando wa polaraiza, yaani unaopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, nilichokibandua kwenye kikokotoo kibovu. Baada ya wiki mbili kimebadilika rangi katikati, kama chapati iliyosahauliwa kikaangoni. Nimesoma kwamba zipo tando zinazochapwa mistari midogo mno ya metali, ambazo hustahimili joto zaidi. Kwa kuwa DVD nayo ina mifereji, je, nikiinakili kwa resini na kuipaka alumini, nitapata utando wa namna hiyo?

Mstaafu wa Maabara, Kampala
Mwalimu, utando wako ni plastiki ya polivinili alkoholi iliyotiwa iodini na kuvutwa upande mmoja. Hufyonza mwanga usioutaka, na iodini hiyo huharibiwa na joto na unyevu. Ule wa mistari ya metali, yaani utando wa nyaya, haufyonzi bali huurudisha mwanga unaotikisika sambamba na nyaya, ukauacha upite ule unaozikata kwa pembemraba, jambo ambalo Heinrich Hertz alilionyesha mwaka 1888 kwa mawimbi ya redio na nyaya za kawaida. Tatizo ni nafasi kati ya nyaya, ambayo lazima iwe ndogo kuliko nusu ya urefu wa wimbi. Mwanga tuuonao huanzia takriban nanomita 400 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kwa hiyo watengenezaji hutumia nafasi ya nanomita 100 hadi 150 hivi. Mifereji ya DVD imeachana kwa nanomita 740, na hata ya Blu-ray kwa 320. Utapata upinde wa mvua mzuri sana, lakini hutapata polaraiza.

Mwanafunzi wa Uhandisi, Jinja
Naongezea kuhusu uchapaji wenyewe, ambao Stephen Chou na wenzake waliutangaza mwaka 1995. Kalibu hukandamizwa kwenye resini iliyolainishwa kwa joto, resini ikagandishwa kwa kupozwa au, katika mbinu zilizofuata, resini ya majimaji ikagandishwa kwa mwanga wa urujuanimno, kisha kalibu ikabanduliwa. Halafu alumini huyeyushwa kuwa mvuke ndani ya chemba ya ombwe, ukaelekezwa kwa mshazari ili ushike kwenye matuta na usijaze mifereji. Punje moja ya vumbi huinua kalibu na kuacha doa kubwa kuliko punje yenyewe mara nyingi. Kwa vumbi letu la kiangazi, sithubutu hata kujaribu. Isitoshe, kama matuta yamechapwa juu ya plastiki, joto litaishinda plastiki kabla ya alumini, ndiyo maana za kazi ya joto kali hutengenezwa juu ya kioo.

Mstaafu wa Maabara, Kampala
Badilisha balbu, Mwalimu. Weka ya LED, na utando usogeze mbali nayo.

Mwalimu wa Fizikia, Mbarara
Nimefanya hivyo jana kwa kipande kipya. Nilipoweka cha pili juu ya lenzi na kukizungusha nyuzi 90, uwanja wote uliingia giza, isipokuwa chembe za wanga wa kiazi, ambazo kila moja ilibaki iking'aa na msalaba mweusi katikati. DVD nimeihifadhi kwa somo la upinde wa mvua.